Mahakama Isiyo na Wakili: Elimu ya Sheria ya Bure kwa Wapangaji na Wanaojisemea Wenyewe Tanzania Bara, 1964–2021

Utangulizi

Historia ya msaada wa kisheria katika Afrika Mashariki huandikwa kwa kawaida kama historia ya uhaba: mawakili ni wachache, ada zao ni kubwa, na kwa hiyo watu wa kujitolea huingia kuziba pengo. Maelezo hayo yana ukweli wake, lakini kwa upande wa Tanzania Bara yanaacha jambo kubwa nje. Katika mahakama iliyo karibu zaidi na mwananchi, wakili hakukosekana kwa bahati mbaya. Alizuiwa na sheria. Makala hii inadai kwamba madarasa ya bure ya sheria yanapaswa kusomwa kama zao la katazo hilo, na kwamba ugumu wa kazi yao ulianzia hapo hapo. Mfumo ulimwalika mwananchi ajisemee kwa Kiswahili mlangoni, kisha ukambadilishia lugha alipoingia ndani.

Katazo na sababu zake

Chini ya utawala wa Waingereza, mahakama za wenyeji zilitengwa na mahakama za mahakimu, na mawakili hawakuruhusiwa kuingia katika zile za kwanza. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963, iliyoanza kutumika Julai 1964, iliunganisha pande hizo mbili katika mfumo mmoja wenye Mahakama ya Mwanzo kama ngazi ya chini. Utengano wa kikabila ukaondoka; katazo la wakili likabaki. Sheria iliyochukua nafasi yake mwaka 1984 ililirudia katika kifungu cha 33, ikaacha upenyo mmoja tu: katika shauri la madai, ndugu wa mhusika au mtu wa kaya yake angeweza kumsemea, kwa ombi la mhusika na ridhaa ya mahakama. Mwaka 1985, Sheria ya Mabaraza ya Kata nayo ikamfungia wakili mlango.

Katazo hilo lina mantiki ambayo haifai kubezwa. Hakimu aliketi na washauri wawili waliotoka katika jamii ile ile; shauri lilisikilizwa kwa Kiswahili; mwenye fedha hakuweza kumleta msomi wa kumfunika kwa istilahi jirani yake asiye na fedha. Fikra hiyo haikuishia Tanzania. Uganda ilipoanzisha utaratibu wa madai madogo kwa kanuni za 2011, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10 za nchi hiyo, nayo iliwaweka mawakili nje.

Hata hivyo, kuwanyima pande zote mbili wakili hakuzifanyi kuwa sawa. Mwenye nyumba aliyekwisha kufika barazani mara tano anajua stakabadhi ipi itaulizwa. Mpangaji anayefika kwa mara ya kwanza hajui hata kwamba itaulizwa. Dola, kwa upande wake, ilikuwa imejifunga kwa jukumu finyu. Sheria ya msaada wa kisheria ya 1969 ilihusu mashauri ya jinai pekee. Mtu aliyetolewa vitu vyake nje kwa sababu ya kodi hakuwemo katika hesabu hiyo.

Mpangaji na sheria zake

Mpangaji wa mjini ni mfano mzuri wa tatizo hili kwa kuwa sheria zake zilibadilika mara nyingi ndani ya umri wa mtu mmoja. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na maelfu ya wapangaji wakajikuta mwenye nyumba wao mpya ni Msajili wa Majumba. Mwaka 1984 ikaja Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Pango, iliyoweka mipaka ya kodi na kutaja sababu ambazo kwazo mpangaji angeweza kuondolewa, pamoja na mabaraza ya nyumba ya kuamua migogoro hiyo. Mwaka 1990 Msajili wa Majumba akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 2005 sheria ya 1984 ikafutwa.

Kufutwa huko ndiko kulikobadilisha zaidi kile ambacho mpangaji alihitaji kufundishwa. Kabla ya 2005 kulikuwa na sheria mahususi ya kumkinga. Swali lilikuwa kama anaijua. Baada ya 2005 kinga yake kubwa ikawa mkataba, yaani karatasi ambayo aghalabu imeandikwa na dalali, ikasainiwa mbele ya mjumbe, na kumdai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Darasa la mpangaji likageuka: kutoka kueleza sheria inasema nini, likawa la kumfundisha kusoma mkataba kabla ya kutia saini, kutunza stakabadhi, na kutambua notisi yenye nguvu na ile ya vitisho tu.

Darasa linazaliwa

Kitivo cha Sheria mjini Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961, na mwaka 1967 kikaunda Kamati ya Msaada wa Kisheria. Kwa kuwa wahadhiri na wanafunzi hawakuweza kusimama katika Mahakama ya Mwanzo, msaada uliobaki kwa mwenye shauri huko ulikuwa ni kumwandaa: kumsikiliza, kumpangia hoja, kumweleza nini cha kubeba. Hapa tofauti kati ya kutoa huduma na kufundisha ilikuwa nyembamba mno. Ukimwandaa mtu kujisemea, umekwisha kuwa mwalimu wake.

Mazingira ya elimu yalisaidia. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 ilikusanya watu katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili. Tangu hapo, kukaa kwenye benchi chini ya mwembe na daftari mkononi halikuwa jambo la kumtia mtu mzima aibu. Wakati Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake kilipoanza mwaka 1989, na vyama vingine vikafuata katika miaka ya 1990, wanafunzi wao walikuwa kizazi kilicholelewa katika utaratibu huo. Nchini Kenya, Kituo cha Sheria kilikuwa kimekwisha kuanzishwa Nairobi mwaka 1973. Jina lake la Kiswahili, katika nchi ambayo Mahakama Kuu yake iliendeshwa kwa Kiingereza, linaonyesha kilimkusudia nani.

Lugha mlangoni, lugha ndani

Kwa wapenzi wa Kiswahili, Mahakama ya Mwanzo ni fahari: miongo mingi ya sheria iliyozungumzwa, kuandikwa na kuamuliwa kwa lugha ya watu. Fahari hiyo inahitaji kupunguzwa kidogo. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo ilikwenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30, na huko wakili aliruhusiwa. Aliyeshinda peke yake chini angeweza kukutana na wakili wa mpinzani wake juu, akiwa bado peke yake.

Upande wa nyumba na ardhi hali ilikuwa dhahiri zaidi. Kwa Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya 2002, Baraza la Kata liliweza kuamua mgogoro usiozidi shilingi milioni 3, kwa Kiswahili na bila mawakili. Asiyeridhika alikuwa na siku 45 kukata rufaa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko mwenyekiti angeweza kuendesha shauri kwa Kiswahili au Kiingereza, lakini kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Mpangaji angeweza basi kujieleza vizuri kwa lugha yake, kusikilizwa kwa heshima, na kukabidhiwa karatasi isiyosomeka kwake inayomweleza kwa nini ameshindwa. Siku za kukata rufaa zilianza kuhesabika wakati angali akitafuta wa kumtafsiria, na katika nafasi hiyo ndipo vishoka walipopata riziki.

Kwa mtazamo wa makala hii, mada ya haki za mpangaji ndiyo ilikuwa nyepesi kuliko zote darasani. Ngumu zilikuwa tarehe, mlango sahihi wa kupeleka lalamiko, na maana ya maneno yaliyokuja na karatasi za Kiingereza. A. B. Weston, mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Sheria, alikwisha kushughulikia istilahi za sheria kwa Kiswahili katika miaka ya 1960. Kazi ya aina hiyo ilistahili kuwa kitabu cha darasa la mtaani, si cha rafu ya maktaba.

Mabadiliko ya 2017 na 2021

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ilipanua msaada hadi mashauri ya madai na kuwatambua wasaidizi wa kisheria, wakiwemo wale waliokuwa wakifundisha mitaani kwa miaka mingi. Inawaruhusu kuelimisha na kuelekeza bila malipo, lakini si kumwakilisha mtu mahakamani. Katazo la zamani limerithiwa kwa sura mpya.

Mwaka 2021 mambo matatu yalitokea. Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Mawakili waliruhusiwa katika Mahakama za Mwanzo zinazoongozwa na hakimu mkazi. Na Baraza la Kata liliondolewa uwezo wa kuamua migogoro ya ardhi, likabaki na kazi ya kusuluhisha. Usuluhishi usipofanikiwa ndani ya siku 30, mhusika anaweza kwenda Baraza la Wilaya. La kwanza lilisherehekewa, nasi wa nchi jirani tukalitolea mfano katika makongamano kama hili. La tatu lilipita kimya, ijapokuwa ndilo lililogusa madarasa moja kwa moja. Msaidizi wa kisheria aliyefundishwa mwaka 2018 kwamba Baraza la Kata huamua, na kwamba rufaa yake ni ndani ya siku 45, ana daftari ambalo ukurasa wake muhimu zaidi umekufa. Na mpangaji anayeketi mbele yake hana namna ya kulijua hilo.