Kalibu Wazi na Njia ya Nta: Uchaguzi wa Mafundi wa Shaba wa Igbo-Ukwu na Katanga

Katika maandishi mengi ya historia ya teknolojia, njia za kusubu metali hupangwa kama ngazi. Kalibu wazi, yaani umbo lililochimbwa katika udongo, mchanga au jiwe, huwekwa chini. Kalibu ya vipande viwili hufuata. Na njia ya nta huwekwa juu kabisa. Mpangilio huo huzaa dhana kwamba jamii iliyotumia kalibu wazi ilikuwa nyuma kiufundi. Insha hii inaipinga dhana hiyo kwa kulinganisha kazi za Igbo-Ukwu, kusini mashariki mwa Nigeria, na misalaba ya shaba ya Katanga, nchini Kongo. Hoja yake ni kwamba mafundi walichagua njia kwa kuzingatia tabia ya metali na kazi ya kifaa katika jamii.

Katika njia ya nta, fundi hufinyanga umbo kwa nta, mara nyingi juu ya kiini cha udongo. Umbo hilo hufunikwa kwa matabaka ya udongo, laini kwanza, kisha mzito zaidi. Likichomwa, nta huyeyuka na kutoka, na metali iliyoyeyushwa humiminwa katika nafasi iliyoachwa. Ili kukitoa kifaa, hapana budi kuivunja kalibu; kwa hiyo kila kalibu huzaa kitu kimoja tu.

Uchimbuaji ulioongozwa na Thurstan Shaw huko Igbo-Ukwu mwaka 1959 na 1960 ulifichua vyombo vya aina hiyo, na vipimo vya kaboni vilielekeza kwenye karne ya 9. Chungu chenye wavu wa kamba juu yake kilisubiwa kwa sehemu, kisha zikaunganishwa. Vifaa vilivyosubiwa vilikuwa vya shaba iliyochanganywa na bati na risasi, mchanganyiko unaoyeyuka kwa joto dogo zaidi na kutiririka vizuri. Vilivyofuliwa kwa nyundo, kinyume chake, vilikuwa vya shaba tupu, ambayo hukunjika bila kuvunjika. Katika jamii hiyo moja, basi, njia mbili zilitumika bega kwa bega, na kila metali ilipewa njia yake.

Katanga inaonyesha uchaguzi wa namna nyingine. Shaba ya huko ilipatikana kwa kuyeyusha malakiti, na ilitumika bila kuchanganywa na bati. Shaba tupu ikimiminwa katika kalibu iliyofungwa hunasa gesi na kuacha matundu. Katika kalibu wazi gesi hupata pa kutokea. Zaidi ya hayo, kalibu wazi ni rahisi kuitengeneza upya kwa kipimo kilekile. Katika makaburi ya Sanga, yaliyochimbuliwa kuanzia mwaka 1957, misalaba ya awali ni mikubwa na michache. Ya baadaye ni midogo, mingi na yenye vipimo vinavyokaribiana. Badiliko hilo linafasiriwa kuwa dalili ya msalaba kugeuka fedha. Fedha huhitaji kufanana, na njia ya nta, ambayo kila mara huanza na umbo jipya, isingeirahisisha haja hiyo.

Dhana ya ngazi imeiumiza historia ya Afrika kwa pande mbili. Waingereza walipouvamia mji wa Benin mwaka 1897 na kuchukua maelfu ya kazi za shaba zilizosubiwa kwa nta, baadhi ya wataalamu wa Ulaya waliitafuta asili ya ufundi huo nje ya bara, wengine wakiwataja Wareno. Vyombo vya Igbo-Ukwu vilitangulia kufika kwa Wareno kwa karne kadhaa. Hivyo, ustadi uliodhaniwa kuwa wa juu ulihesabiwa kuwa wa wageni, na ulioonekana wa chini ukahesabiwa kuwa ushahidi wa unyonge.

Ulinganisho huu unaonyesha kwamba swali lenye manufaa kwa mwanahistoria si jamii ipi ilifika juu zaidi, bali kifaa kilikusudiwa kufanya nini, na fundi alikuwa na metali gani mkononi. Chombo cha heshima kilihitaji kuwa cha pekee. Fedha ilihitaji kufanana na nyenzake. Kalibu iliyovunjwa na kalibu iliyorudiwa zote zilikuwa majibu sahihi kwa mahitaji tofauti.