Mtu Aliyekosekana Kwenye Kikao

Uluguruni, kwenye milima ya Morogoro, kijana akiharibika huitwa na ukoo. Waluguru huhesabu nasaba upande wa mama, kwa hiyo sauti nzito kikaoni huwa ya mjomba. Mjomba husema, wazee huitikia, kijana huinamisha kichwa na kuahidi. Kama kosa ni ugomvi au uvivu wa shamba, huenda yakaisha hapo. Kama ni unga, yaani heroini, ahadi huvunjika kabla umande haujakauka.

Wazee hawakukosa nia njema. Walichokosa ni mwenzao mmoja aliyewahi kuamka na arosto, maumivu ya kukosa dawa, akajua inavyouma. Tiba ya vikundi ilianza kupata nguvu pale mtu huyo alipopewa kiti.

Mwaka 1905, mjini Boston, Marekani, daktari Joseph Pratt alianza kuwakusanya wagonjwa maskini wa kifua kikuu kila wiki ili awafundishe kujitunza. Akaona kwamba mgonjwa hupata moyo akimwona mgonjwa mwenzake anapona.

Miaka 30 baadaye Bill Wilson, mfanyabiashara wa New York aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alikwama mjini Akron baada ya biashara yake kwenda mrama. Kiu ilimshika. Badala ya kuingia baa, akatafuta mlevi wa kuzungumza naye, akakutanishwa na daktari wa upasuaji, Robert Smith. Wilson hakwenda kumhubiria, alikwenda kujiokoa. Smith alikunywa kwa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa chama cha walevi wanaosaidiana kwa siri ya majina. Hatua zao 12 zilichapishwa mwaka 1939, na mwaka 1953 watumiaji wa dawa za kulevya huko California wakaanzisha chama chao kwa mfano huo.

Kwetu Tanzania, heroini iliingia miaka ya 1980 kupitia Bahari ya Hindi, ikashika vijiwe vya pwani kisha ikapanda na barabara kuu kwenda bara. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1995 ilitazama zaidi uhalifu. Teja alijua polisi, wodi ya wagonjwa wa akili, au chumba alichofungiwa na ndugu zake.

Mwaka 2009 nyumba ya kwanza ya waraibu kupata nafuu ilifunguliwa Unguja, na walioiendesha walikuwa wametoka kwenye unga wenyewe. Watu waliziita nyumba za aina hiyo soba hausi, na mfano huo ukavuka bahari hadi bara, Morogoro ikiwemo. Humo mtu hukaa miezi kadhaa: zamu ya kupika, kufagia, na kikao kila siku. Viti hupangwa duara. Anayesema hujitaja jina, hukiri kuwa ni mraibu, na hakatizwi. Uongo wa mteja mpya haufiki mbali. Kila aliyeketi hapo aliwahi kuutumia kwa mama yake.

Februari 2011 hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ambayo kwa kawaida mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Methadoni hutuliza arosto, lakini haijazi saa zinazobaki baada ya kikombe. Ndiyo maana ushauri na vikundi bado vinahitajika.

Ugumu huanza siku ya kurudi nyumbani. Aliyezoea duara akipanda tena Mgeta au Matombo, huko Uluguruni, hukuta migomba, maskani ya zamani, na macho ya majirani yanayohesabu siku zake. Kikundi amekiacha bondeni, na nauli ya kukifuata kila wiki si ya mkulima wa maharage.

Kikao cha ukoo, hata hivyo, kipo hapo hapo kijijini. Hakihitaji jengo wala mfadhili. Siku mpwa mwingine atakapoitwa, mjomba amwite pia yule aliyerudi, akae karibu na mtuhumiwa, na aseme wa kwanza.