Laxton (Nottinghamshire)

Laxton ni kijiji kidogo cha Uingereza katika kaunti ya Nottinghamshire, kilomita 15 hivi kaskazini-magharibi mwa mji wa Newark-on-Trent na kilomita 30 hivi kaskazini-mashariki mwa Nottingham. Wakazi wake ni mamia machache tu, lakini jina lake linafahamika kwa kila anayesoma historia ya kilimo cha Ulaya. Wakulima wa Laxton bado wanalima mashamba makubwa ya wazi yaliyokatwa ngwe, kwa mzunguko wa miaka mitatu, na bado wanasimamiwa na mahakama ya kijiji iliyorithiwa kutoka Zama za Kati. Zamani hivyo ndivyo walivyolima watu wa sehemu kubwa ya Uingereza ya kati. Kwingineko utaratibu huo ulifutwa kitambo, na palipobaki ngwe, mahakama ya kuzisimamia haikubaki.

Mahali na sura ya kijiji

Laxton imejengwa juu ya mwinuko wa udongo mzito wa mfinyanzi, ambao hushika maji masika na kukauka kama tofali wakati wa joto. Nyumba za wakulima, nyingi za matofali mekundu na mapaa ya vigae, zimejipanga kandokando ya barabara ya kijiji. Nyuma ya kila nyumba kuna ua wa mifugo na zana, kisha kipande kirefu cha ardhi ya nyumbani, na baada ya hapo ndipo mashamba yanapoanza.

Mpangilio huo una sababu yake. Ngwe za mkulima mmoja zimetawanyika pande zote za kijiji, kwa hiyo hakuna mahali shambani ambapo angeweza kujenga akawa karibu na ardhi yake yote. Katika vijiji vilivyogawanywa upya, kila mkulima alipopewa shamba lake lililounganishwa alihama na kujenga katikati yake. Laxton haikupitia mgawanyo huo, na wakulima wake wamebaki majirani wa mlango kwa mlango.

Zama za Kati

Laxton imetajwa katika Kitabu cha Domesday, orodha ya ardhi na kodi iliyoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya Mfalme William I, miaka 20 baada ya Wanormani kuiteka Uingereza. Wakati huo ilikuwa mikononi mwa kabaila wa Kinormani, Geoffrey Alselin. Upande wa kaskazini wa kijiji yapo mabaki ya ngome ya udongo: kilima kilichorundikwa kwa mikono, kimezungukwa na mahandaki na tuta za ulinzi. Wataalamu huihesabu kuwa miongoni mwa ngome za aina hiyo zilizohifadhika vizuri zaidi katika kaunti nzima. Kuta za mawe hazipo tena, na leo kondoo hulisha pale walipokaa walinzi.

Ngome hiyo ilikuwa makao ya ukoo wa de Caux, na baadaye ukoo wa Everingham, ambao kwa urithi walikuwa wasimamizi wakuu wa Msitu wa Sherwood. Msitu wa kifalme ulikuwa na sheria kali juu ya wanyama na miti, na cheo hicho kilikuwa na heshima na faida kubwa. Mwishoni mwa karne ya 13 akina Everingham walipoteza usimamizi huo, na umuhimu wa kisiasa wa Laxton ukashuka. Kilichobaki ni kijiji cha wakulima.

Ramani ya 1635

Mwanzoni mwa karne ya 17 Laxton ilinunuliwa na Sir William Courten, mfanyabiashara tajiri wa London aliyekuwa na meli katika bahari za mbali na ambaye mwaka 1627 aligharimia makazi ya kwanza ya Waingereza katika kisiwa cha Barbados. Tajiri wa aina hiyo hakuwa na haja ya kuishi kijijini, ila alitaka kujua amenunua nini. Akamwajiri mpimaji, Mark Pierce, ambaye mwaka 1635 alikamilisha ramani kubwa ya rangi pamoja na daftari linaloonyesha kila kipande cha ardhi na jina la anayekishikilia.

Ramani hiyo sasa imehifadhiwa katika Maktaba ya Bodleian mjini Oxford. Ngwe zimechorwa moja moja kwa maelfu, na juu yake mchoraji ameongeza watu wakiwa kazini: wenye plau, wavunaji, wachungaji na wawindaji. Kwa wanahistoria hii ni hazina isiyo na mfano, kwa kuwa mashamba yaliyochorwa yangali yanalimwa, na mtu anaweza kusimama barabarani akalinganisha karatasi na ardhi.

Jinsi Laxton ilivyoponea uzio

Kati ya 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ua mashamba ya wazi na ardhi za malisho ya pamoja. Sheria hizo ziligusa ekari milioni 6.8, zaidi kidogo ya moja ya tano ya eneo la Uingereza. Wenye ardhi kubwa walipata mashamba yaliyounganishwa, rahisi kuboresha na kukodisha kwa bei ya juu. Wanyonge wengi walipoteza mahali pa kulisha ng'ombe na kuokota kuni, wakawa vibarua.

Laxton nayo iliguswa: sehemu ya ardhi ya pembezoni ilizungushiwa ua mapema, na eneo la ngwe likapungua kidogo kidogo. Lakini mgawanyo kamili haukufika. Mwenye ardhi mkubwa, ukoo wa Pierrepont, uliopata Laxton katika karne ya 17 na baadaye kupewa cheo cha Earl Manvers, haukuwa peke yake kijijini. Ukoo wa Savile wa Rufford nao ulikuwa na ardhi yake, na walikuwepo pia wakulima wadogo waliomiliki vipande vyao wenyewe. Kuwapatanisha wote, kupima upya na kulipia ua na barabara mpya kungegharimu fedha nyingi. Tangu miaka ya 1870 bei ya nafaka iliporomoka kwa sababu ya ngano ya bei nafuu kutoka Amerika, na kugharimia kazi kama hiyo kukakosa maana. Mashamba ya wazi ya Laxton yaliponea kwa mvutano wa umiliki na upungufu wa fedha kabla hayajawa na mtu wa kuyahifadhi kwa makusudi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ngwe ziliunganishwa ziwe chache na pana zaidi ili zilimike kwa zana za wakati huo. Leo mashamba matatu ya wazi yana jumla ya ekari zipatazo 480.

Kilimo cha ngwe

Mashamba hayo ni West Field, upande wa magharibi, South Field, upande wa kusini, na Mill Field, lililopata jina kutokana na kinu cha upepo kilichokuwapo hapo. Hakuna ua wala uzio kati ya ngwe moja na nyingine. Kila mkulima ana ngwe katika mashamba yote matatu, kwa hiyo ardhi nzuri na mbaya, ya karibu na ya mbali, imegawanywa kati ya wote.

Mzunguko ni wa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza shamba zima hupandwa ngano, inayotiwa ardhini kabla ya baridi. Mwaka wa pili hupandwa mazao ya masika kama shayiri, maharagwe au njegere. Mwaka wa tatu shamba hupumzishwa, ingawa siku hizi mkulima anaruhusiwa kupanda majani ya mifugo. Zamani, mavuno yakishaisha, mifugo ya kijiji iliachiwa ilishe mabua na kurutubisha udongo kwa samadi. Kwa kuwa mifugo iliingia shambani siku moja kwa wote, hakuna aliyeweza kupanda anachotaka wakati anaotaka: aliyechelewa kuvuna aliwazuia wenzake, na aliyepanda peke yake aliliwa mazao.

Palipo na mteremko mkali au maji mengi hapalimwi. Sehemu hizo zimebaki mikanda ya majani katikati ya mashamba, na kila mwaka katika majira ya joto majani yake hupigwa mnada kwa wakulima wenye haki, ambao huyakata na kuyakausha kwa chakula cha mifugo. Kwa kuwa mikanda hiyo haijawahi kupigwa plau, imejaa maua ya porini yaliyotoweka kwingi nchini, na sasa inalindwa na sheria za hifadhi ya mazingira.

Mahakama ya kijiji

Chombo kinachoshikilia utaratibu wote ni mahakama iitwayo Court Leet. Mahakama za namna hii zilikuwa kila mahali palipokuwa na kabaila, zikiamua ugomvi wa mipaka, mifugo iliyopotea na mifereji iliyoziba. Mwaka 1977 sheria ya Bunge iliziondolea mahakama za kale mamlaka yake ya kisheria, lakini Court Leet ya Laxton ilitajwa waziwazi miongoni mwa chache mno zilizoachiwa.

Mwishoni mwa Novemba, ngano ikiwa imeshachomoza, jopo la wakulima walioapishwa mwaka uliotangulia hulikagua shamba la ngano. Hutembea ngwe baada ya ngwe wakitazama vigingi vinavyoonyesha mwisho wa kila moja. Kigingi kilichooza au kung'olewa na trekta hubadilishwa, na kipya hupigiliwa papo hapo kwa kulenga vigingi vya mbali. Kisha hutazama mistari ya plau: je, mkulima amemega hatua moja ya barabara? Amelima ukingo wa mkanda wa majani? Ameacha mfereji uzibe, maji yakaingia kwa jirani? Makosa huandikwa, na jopo hurudi kijijini kula pamoja na kujadili faini.

Wiki moja baadaye mahakama hukaa katika Dovecote Inn, baa ya kijiji. Anayeiongoza ni mwanasheria anayemwakilisha mwenye cheo cha kabaila wa kijiji. Majina ya wanaopaswa kuhudhuria huitwa, na asiyefika hutozwa peni chache. Taarifa ya jopo husomwa, faini huthibitishwa, na jopo jipya huapishwa kwa ajili ya shamba litakalokuwa na ngano mwaka unaofuata. Mahakama pia ina ofisa wa mifugo iliyopotea, ambaye zamani aliwafungia wanyama waliokutwa wakizurura mpaka mwenyewe aje kuwalipia.

Faini zenyewe ni ndogo, na hakuna mkulima anayefilisika kwa ajili yake. Uzito wa adhabu uko katika kutajwa mbele ya majirani, na katika ukweli kwamba anayehukumu mwaka huu anaweza kuwa mshtakiwa mwaka ujao.

Kanisa na maisha ya jamii

Kanisa la Mtakatifu Mikaeli Malaika Mkuu ni kubwa kupita kiasi kwa kijiji cha ukubwa huu, ishara ya utajiri wa makabaila wa zamani. Ndani yake kuna makaburi ya akina Everingham yenye sanamu zilizolazwa chali. Mojawapo ni ya mwanamke, imechongwa kwa mti wa mwaloni badala ya mawe, na ni adimu sana katika sehemu hii ya nchi. Jengo lilikarabatiwa upya mnamo 1860 kwa gharama ya Earl Manvers.

Shughuli nyingi za kijiji huizunguka Dovecote Inn, ambayo ni mahali pa kula, pa mikutano na pa kesi. Kando yake kuna kituo kidogo cha wageni kinachoeleza kilimo cha ngwe, na njia za miguu zinazowapeleka watu hadi mashambani bila kukanyaga mazao.

Karibu na Laxton pia kuna kituo cha kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi chini ya Wanazi, kilichofunguliwa mwaka 1995 na ndugu wawili, Stephen na James Smith, pamoja na wazazi wao. Kazi ya ndugu hao ilizaa shirika la Aegis Trust, ambalo lilishirikiana na mamlaka za Kigali kuanzisha Ukumbusho wa Mauaji ya Kimbari wa Gisozi, Rwanda, uliofunguliwa mwaka 2004, miaka 10 baada ya mauaji ya Watutsi.

Umiliki na hali ya sasa

Mwaka 1938 mchumi wa kilimo wa Oxford, Charles Orwin, na mkewe Christabel walichapisha kitabu juu ya mashamba ya wazi kilichoifanya Laxton ijulikane mbali. Tangu hapo, kuyahifadhi mashamba hayo kukawa suala la taifa. Mwaka 1952 Earl Manvers wa sita aliiuzia Wizara ya Kilimo ardhi yake kwa makubaliano kwamba utaratibu wa zamani utaendelea, na waziri wa kilimo wa Uingereza akajikuta ndiye kabaila wa Laxton. Mwaka 1981 ardhi ilihamia kwa Crown Estate, taasisi inayosimamia mali za Taji. Mwaka 2020 ilinunuliwa na Thoresby Estate, mali ya warithi wa akina Manvers, na hivyo kurudi kwa ukoo ulioiuza.

Mabadiliko hayo hayakuisimamisha mahakama, lakini yanaonyesha mahali ambapo mfumo ni dhaifu. Mashine za leo zimeundwa kwa mashamba mapana, na ngwe huongeza muda, mafuta na kona za kugeuzia. Mpangaji wa Laxton lazima akubali kupanda anachopanda jirani yake na kukaguliwa na watu anaokutana nao kila siku. Mwenye ardhi anaweza kuweka masharti hayo katika mkataba, lakini hawezi kwenda kupigilia vigingi mwenyewe. Mashamba ya wazi ya Laxton yataendelea kuwepo maadamu kila Novemba wanapatikana wakulima wa kutosha kuapishwa, kuingia matopeni na kuwatoza wenzao faini.