Bei ya Rangi

Kipande cha nyama kilichokatwa mwilini mwa mgonjwa, kikachongwa mpaka kikawa chembamba kuliko karatasi, hakimwambii daktari neno kikiwekwa chini ya hadubini hivi hivi. Nuru hupenya ndani yake kama ipenyavyo katika utando wa kitunguu, na palipo na ugonjwa hapatofautiani sana na palipo na uzima. Sharti kitiwe rangi. Nataka kukueleza, msomaji, rangi hizo zilitoka wapi, na jinsi zilivyopewa nambari na bei katika nchi ya Marekani, hata zikaleta ugomvi juu ya jambo ambalo kila mtoto wa darasa la kwanza hudhani analijua, yaani moja ni nini.

Mwanzo wake ni nguo, si dawa. Katika misitu ya Campeche, huko Mexico, umo mti ambao kiini chake hutoa rangi, nao Wahispania waliupeleka Ulaya kwa watia rangi wa vitambaa. Katika mti huo ilipatikana hematoksilini, ambayo wataalamu wa Ujerumani walianza kuitumia juu ya nyama za mwili katika miaka ya 1860. Nayo hutia buluu kiini cha seli. Mwenzake, eosini, ambayo hupaka waridi sehemu zilizosalia, haikutoka mtini. Hiyo ni ya ukoo wa rangi za lami ya makaa ya mawe, ukoo ulioanza mwaka 1856 huko London, pale kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, alipojaribu kutengeneza kwinini akapata rangi ya zambarau. Kwinini hakuipata, utajiri aliupata.

Viwanda vikatoa rangi mpya nyingi, na madaktari wakazijaribu moja baada ya moja. Tarehe 24 Machi, 1882, Robert Koch aliwaonyesha wenzake mjini Berlin vijidudu vya kifua kikuu, ambavyo hushika rangi kwa shida sana. Paul Ehrlich alibuni njia bora mwaka huo huo, kisha Franz Ziehl na Friedrich Neelsen wakairekebisha. Siri yake ni kwamba vijidudu hivyo vikishashika wekundu, hata vikioshwa kwa asidi haviuachi. Nasi Kenya tumeitegemea njia hiyo miaka mingi katika kuchunguza makohozi. Mwaka 1884 Hans Christian Gram, mtu wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alitia vijidudu rangi ya zambarau, kisha iodini, kisha akaviosha kwa spiriti: vingine vilibaki na zambarau, vingine vikaipoteza. Yeye mwenyewe aliandika kwamba njia yake ina kasoro, akitumaini kuwa itafaa mikononi mwa wengine. Hata hivyo, hadi leo ni kazi ya kila siku katika maabara.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1965 Marekani ilipitisha sheria ya Medicare, bima ya serikali kwa wazee wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Mwaka uliofuata Chama cha Madaktari cha nchi hiyo kilitoa kitabu cha nambari, kiitwacho CPT kwa kifupi, ili kazi moja ya daktari iitwe jina moja popote ifanywapo. Mwaka 1970 nambari hizo zilifanywa za tarakimu 5, na mwaka 1983 Medicare ikazichukua kuwa lugha ya malipo yake. Karani akiandika 88312, mlipaji huelewa kuwa ni rangi maalumu ya kutafuta vijidudu, kama ile ya kifua kikuu. Akiandika 88313, ni rangi maalumu ya kutafuta mambo mengine, kama chuma kilichojaa katika ini. Lakini hematoksilini na eosini, zinazotazamwa kuliko zote, hazina nambari yao; gharama yake imo katika malipo ya kuchunguza nyama yenyewe.

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, mkufunzi wetu wa hesabu alichora chane ya ndizi ubaoni, akatuuliza kuna ngapi. Wengine tulisema moja, wengine kumi na mbili, na darasa zima likacheka. Katika maabara swali hilo halichekeshi. Nyama iliyotolewa mahali pamoja huweza kugawanywa katika vibonge kadhaa vya nta, na kila kibonge hukatwa vipande vya kubandikwa juu ya vioo. Je, kinacholipiwa ni rangi, ni kioo, ni kibonge, au ni nyama nzima? Kwa 88312 na 88313, kila rangi huhesabiwa kwa kila kibonge.

Lakini iko namna nyingine, iliyoanzishwa na Albert Coons mwaka 1941, ambayo rangi hubebwa na antibodi inayotafuta kitu kimoja tu katika seli. Nambari yake ni 88342, nayo zamani ilihesabu kila antibodi. Mwaka 2014 Chama kilibadili maana ya nambari hiyo na kuongeza nyingine. Medicare haikuridhika, ikatunga mbili zake zenye kuanza na herufi G. Basi mwaka ule maabara iliiandika kazi ile ile kwa nambari hii au ile kwa kutegemea nani analipa! Mwaka 2015 utaratibu mpya ukawekwa: antibodi ya kwanza kwa kila nyama ni 88342, kila inayoongezeka ni 88341, na kadhaa zikichanganywa juu ya kioo kimoja huwa 88344, nazo huhesabiwa kuwa moja.

Usidhani huu ni ugomvi wa makarani tu. Mzee mwenye Medicare kwa kawaida hujilipia asilimia 20 ya gharama za namna hii, kwa hiyo kila rangi inayoongezwa hugusa mfuko wake. Maabara ikifanya desturi ya kutia rangi maalumu kila nyama ya tumbo kabla daktari hajaitazama, fedha huongezeka bila maarifa kuongezeka. Kwa upande wa pili, mlipaji akibana mno, rangi iliyohitajika huachwa, na kijidudu kikapita bila kuonekana. Wasimamizi wa malipo ya Medicare waliandika kwamba desturi ile haistahili kulipiwa. Mimi naona walisema kweli, maana walimtaka daktari atazame kwanza ile buluu na waridi isiyo na nambari, kisha ndipo aseme anahitaji rangi gani, na kwa sababu gani.