Jiwe la buluu la Kalukuluku

Mashariki ya Lubumbashi, karibu kabisa na mji, kuna kilima ambacho wenyeji waliita Kalukuluku. Wazungu walikipa jina lingine, Étoile du Congo, Nyota ya Kongo. Humo ndimo lilimotambuliwa jiwe moja la buluu ambalo leo wakusanyaji wa mawe wa Ulaya na Marekani wanalitafuta sana. Ni jiwe dogo: fuwele zake nyingi hazipiti milimita chache, zimekaa juu ya mwamba kama ukoko wenye kung'aa. Linaitwa konetiti.

Wapo wanaoliona jiwe lolote la buluu-kijani la Katanga na kusema ni feruzi, ile turkwazi ya Wafaransa. Hilo jina la Kifaransa maana yake ni jiwe la Kituruki, kwa sababu lilifika Ulaya likipitia Uturuki, ingawa machimbo yake mashuhuri ya zamani yalikuwa Nishapur kule Uajemi, na katika milima ya Sinai huko Misri. Feruzi ya kweli inahitaji vitu vitatu vikutane kwenye maji: shaba, alumini na fosfati. Hapa Katanga shaba ni tele, lakini sehemu kubwa ya miamba inayoibeba ni dolomiti, jiwe la ukoo wa chokaa. Ndiyo sababu ya kijani kingi namna hii.

Matabaka hayo yaliwekwa chini ya bahari yenye kina kifupi, zaidi ya miaka milioni 700 iliyopita, na kiisha ardhi ikajikunja na kupasuka. Chini kabisa, shaba imefungamana na salfa, na rangi yake ni ya shaba-shaba au kijivu, haina uzuri wa kumsimamisha mpita njia. Kazi ya rangi inafanywa na mvua. Maji yanaingia kwenye nyufa na hewa yake, yanaivunja ile salfa, yanaichukua shaba na kushuka nayo. Yakikutana na dolomiti, shaba inatulia na kuwa malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari. Yakikutana na silika, inakuwa krisokola, na hii ndiyo inayodanganya macho ya watu wengi kwa sababu rangi yake inakaribia sana feruzi. Lakini krisokola mara nyingi ni laini, kisu kinaikwaruza; feruzi nzuri inakaribia ugumu wa kioo. Na pale maji yalipobeba fosfati, ambayo ni nadra zaidi, ikazaliwa konetiti: shaba na fosfati, bila alumini. Kwa hiyo ni ndugu wa feruzi, lakini si feruzi yenyewe.

Jina hilo limetoka kwa Jules Cornet, mjuzi wa miamba kutoka Ubelgiji, aliyefika Katanga mwaka 1892 pamoja na msafara wa Bia na Francqui. Ni yeye aliyeandika kwamba nchi hii ni kashfa ya jiolojia, kwa wingi wa mali yake. Ila Cornet hakuwa akitembea porini akipiga nyundo kwa bahati. Alikuwa akionyeshwa mashimo ambayo wenyeji walikuwa wameyachimba tangu vizazi vingi.

Watu hao waliitwa wala mikuba, yaani wala shaba. Walijua kilima cha shaba kwa kukitazama tu: miti haikui vizuri juu yake, na kuna maua madogo yanayopenda udongo huo ambao mimea mingine inaukimbia. Kazi ilianza wakati wa kiangazi, mavuno ya mtama yakiisha kuingia ghalani. Walikusanya malakiti, wakaiyeyusha kwa makaa ndani ya tanuru za udongo wa kichuguu, na shaba iliyotoka wakaimimina katika umbo la msalaba. Misalaba ya namna hiyo imepatikana ndani ya makaburi ya kale ya Sanga, kwenye bonde la Upemba. Ni shaba hiyo pia iliyomvuta Msiri kutoka Unyamwezi, akajenga Bunkeya, hadi alipouawa Desemba 1891, muda mfupi tu mbele ya Cornet kufika.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, reli ikafika Elisabethville mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi likamimina shaba yake ya kwanza, kwa mawe ya Kalukuluku. Mawe mengi mazuri yalisagwa humo pamoja na mengine, kwa kuwa tanuru halichagui. Yaliyookolewa yaliwekwa mfukoni na wahandisi na wafanyakazi, mengine yakafika kwenye nyumba ya makumbusho ya Tervuren.

Kwa mkusanyaji, jiwe bila karatasi ya mahali lilipotoka limepoteza nusu ya thamani yake. Na karatasi hizo zinasimulia historia yake zenyewe. Ikiandikwa Elisabethville au Jadotville, jiwe lilitoka, au angalau liliandikwa, wakati ambapo Lubumbashi na Likasi zilikuwa bado na majina ya wakoloni. Ikiandikwa Zaïre, ni kati ya 1971 na 1997. Ikiandikwa mkoa wa Haut-Katanga au Lualaba, huenda ni ya karibuni, kwa kuwa mikoa hiyo iligawanywa mwaka 2015.

Familia nyingi zilizohama vilima vya machimbo ziliondoka na jiwe moja au mawili ndani ya mizigo, kwa ukumbusho. Karatasi ndogo inatosha: jina la kilima kama wazee walivyokiita, mtaa ulio karibu, na mwaka jiwe lilipookotwa. Kwa yale ya buluu yaliyotoka Nyota ya Kongo, jina la kuandika kwanza ni Kalukuluku.