Makopo Mawili ya Udongo: Somo la Uluguru kwa Elimu ya Sayansi

Sayansi haikuzaliwa vitabuni. Ilizaliwa katika jitihada za binadamu za kuzalisha mali: kulima, kufua chuma, kutambua majira ya mvua. Kwa hiyo namna mtoto wa darasa la tatu anavyofundishwa sayansi si swali la walimu peke yao. Ni swali la siasa. Tunalichambua kwa kuanzia Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, pale inapoanzia barabara ya kwenda Matombo na Kisaki. Historia ya njia hiyo ina somo ambalo baadhi yetu makada tumelisahau.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha Uluguru mpango wa matumizi ya ardhi. Tatizo lenyewe lilikuwa la kweli: mvua ilikuwa inasomba udongo wa miteremko. Lakini dawa yake ililetwa kwa amri. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi, na aliyekaidi aliadhibiwa. Katika sehemu nyingi za milima ile rutuba imo katika tabaka jembamba la juu. Matuta yalipochimbwa, udongo hafifu wa chini ulikuja juu na mazao yakadhoofu. Julai 1955 wananchi walikusanyika Matombo kupinga. Polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa, na TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ikapata wafuasi wengi milimani.

Wako waliosema kwamba Waluguru walikataa sayansi. Hiyo ni kasumba. Walichokataa ni amri iliyovikwa joho la sayansi. Tujiulize: ukweli kuhusu udongo ule ungejulikanaje? Kwa makopo mawili. Moja lijazwe udongo wa juu, la pili udongo wa chini. Yote yapandwe mahindi, yapewe maji sawa na jua sawa, kisha mimea ipimwe baada ya wiki sita. Kazi hiyo mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Mkoloni hakukosa makopo. Alikosa nia ya kumwuliza mkulima na kuuliza udongo wenyewe.

Baada ya uhuru tulianza kujenga njia nyingine. Mwaka 1965, katika mkutano uliofanyika Kano, Nigeria, ulizaliwa mpango wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika, na Tanzania ikashiriki. Fedha zake zilitoka Marekani, na hilo lilikuwa na mipaka yake. Lakini wazo lake lilikuwa sahihi: mtoto asiambiwe jibu, apewe kitu halisi akichunguze, hata kama ni mdudu achimbaye kishimo mchangani na kuvizia sisimizi. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Humo alieleza kwamba shamba la shule liunganishwe na masomo, ili sifa za mbolea zifafanuliwe darasani na mipaka yake ionekane shambani. Tena kwamba wanafunzi washiriki katika kuamua. Mwaka huohuo Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule yote ya msingi. Mtoto akaweza kuuliza kwa lugha anayoifahamu.

Lakini historia isiyo na kujikosoa ni hadithi ya kujisifu. Azimio la Musoma la 1974 lilileta ushindi mkubwa: watoto wa shule za msingi waliongezeka kutoka milioni 1.2 hivi mwaka ule hadi zaidi ya milioni 3 mwaka 1980. Pamoja na ushindi huo madarasa yalifurika, walimu wengi walijifunza kazi wakiwa kazini, na sayansi ikarudi ubaoni. Katika shule nyingi shamba likawa kibarua: watoto walilima, wakavuna, na hakuna aliyewauliza kwa nini tuta hili limezaa kuliko lile. Jembe lilibaki, swali likapotea. Kazi ya mikono pasipo kufikiri si nadharia na vitendo. Ni utumishi tu.

Hata pale swali lilipozuka, halikupokewa daima. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wa maziwa ya moto ukiganda kabla ya ule uliopoa. Aliposema, alichekwa. Alipata msikilizaji baadaye, Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 wakachapisha matokeo yao. Wanasayansi wanaujadili mpaka leo. Je, ni wangapi walinyamaza baada ya kuchekwa?

Sisi walimu wa siasa hatuko nje ya lawama hii. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulilaani ubwana na majivuno ya viongozi. Hata hivyo tumewakaririsha wanachuo misingi ya Chama kama watoto wanavyokaririshwa sehemu za ua ambalo hawajalichuma. Aliyezoea kupokea jibu bila kulipima atakuwa kiongozi wa kutoa amri bila kuipima, na atachimbisha wananchi matuta mengine.

Mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 unasisitiza vitendo. Wajibu wetu ni kuhakikisha hauishii kwenye karatasi. Mwalimu mwanafunzi wa Kigurunyembe anaweza kuwapandisha watoto mteremkoni Bigwa, wakinge maji ya mvua kwenye chupa, wapime tope litokalo penye nyasi na litokalo penye udongo mtupu. Mzee mkulima aalikwe aeleze, naye aulizwe maswali. Kada anayetembelea shule asiulize tu idadi ya madawati. Aombe kuonyeshwa makopo mawili, kisha awaachie watoto wamweleze walichokiona.