Jina Chini ya Meza

Mambo haya yalianza na kikaratasi kilichobandikwa nje ya duka moja huko Msasani: "Meza ya kulia chakula inauzwa. Ya zamani, imetoka Denmark." Mimi nilikuwa natafuta meza ya kuandikia, maana tangu nimalize kidato cha nne riwaya yangu naiandikia juu ya sanduku la bati. Basi nikamchukua baba mdogo, seremala wa Keko kwa miaka zaidi ya thelathini, tukaenda kuiona.

Bei aliyotaja mwenye mali, si utani, ingeezeka nyumba. Mimi nikaanza kuaga. Baba mdogo hakuaga. Alisema, "Samahani mama, naomba niitazame vizuri," akapiga magoti, akaingia chini ya meza kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka. Akakaa humo weee! Alipotoka alisema maneno mawili tu: "Kuna jina."

Kweli. Chini ya ubao kulikuwa na alama iliyochomwa kwa moto: jina la aliyeitengeneza, na mji wa Copenhagen. Watu wamelia chakula juu yake miaka na miaka, na jina limekaa gizani likingoja mtu wa kupiga magoti. Hilo ndilo lililonipeleka maktaba.

Kumbe maseremala wa Copenhagen nao waliwahi kuingiwa na hofu ile ile iliyoko Keko leo. Viwanda vilikuwa vinatoa samani kwa wingi na kwa bei chee, mteja anakimbilia huko. Mwaka 1927 chama chao kikaanzisha maonyesho ya kila mwaka, yaliyoendelea mpaka 1966. Hawakwenda pale kulia njaa. Walishirikiana na wachoraji wa samani: mmoja anachora, mwenzake anachonga, na kazi nzuri ikatajwa kwa majina yote mawili, la mchoraji na la fundi.

Wachoraji wenyewe walikuwa na mwalimu wao, Kaare Klint, aliyeanza kufundisha samani katika Chuo cha Sanaa cha Copenhagen mwaka 1924. Yeye alitaka mtu apime kwanza ndipo achore. Mtu akikaa, goti linafika wapi? Kiwiko kinataka nafasi gani? Sahani na bilauri za nyumba moja zinajaza kabati kiasi gani? Ni maswali ya kawaida kabisa, lakini nani kati yetu hajawahi kukalia kiti kilichotengenezwa na mtu asiyejiuliza?

Mwanafunzi wake mmoja aliitwa Børge Mogensen. Mwaka 1942, nchi ikiwa mikononi mwa jeshi la Wajerumani, umoja wa vyama vya ushirika vya Denmark, FDB, ulimpa kazi ya kuongoza uchoraji wa samani zake. Naam, ushirika! Shabaha ilikuwa mfanyakazi wa kawaida, mwenye vyumba vidogo na mshahara mdogo, naye apate meza na kiti cha maana. Mwaka 1947 Mogensen alitoa kiti kiitwacho J39, cha mbao chache na makalio ya kamba ya karatasi iliyosukwa. Kinatengenezwa hadi leo.

Sasa, msaji haustawi katika baridi ya Denmark. Ulitoka wapi? Kampuni ya East Asiatic, iliyoundwa Copenhagen mwaka 1897, ilikuwa na biashara kubwa ya msaji huko Siam, nchi ambayo leo ni Thailand. Baada ya vita mbao hizo zilipatikana kwa wingi, na mafundi wakazipenda: zina mafuta yake zenyewe, haziogopi maji, hazipindi ovyo. Ubaya wake ni kwamba zinamaliza makali ya msumeno. Wakatengeneza meza zenye mbawa mbili zinazojificha chini ya ubao. Wageni wakija, unazivuta. Miguu ya meza nyingi ilifunguka, ili mzigo ukae vizuri melini, maana Marekani ilikuwa imeanza kununua. Kuanzia 1954 hadi 1957 maonyesho ya samani na vyombo vya nchi za Skandinavia yalizungushwa Marekani na Kanada. Na Septemba 1960, Kennedy na Nixon walipojadiliana kwenye televisheni, viti vyao vilikuwa vya Hans Wegner, mtoto wa fundi viatu.

Kisha upepo ukageuka. Miaka ya 1960 ikielekea ukingoni, watu wakataka plastiki na rangi kali, na meza nyingi zikaishia stoo. Miaka ikapita, ndipo wenye fedha wakazirudia. Hata samani zilizokusudiwa mfanyakazi wa vyumba viwili, leo matajiri wanashindania.

Lakini tuseme ukweli wote. Waliokata msaji ule kule Siam, wakakokota magogo kwa tembo mpaka mtoni, majina yao hayakuchomwa chini ya meza yoyote. Na sisi je? Neno msaji limetufikia kutoka Kiarabu, katika biashara ile ile ya majahazi iliyoleta mbao zenyewe kutoka India. Leo tunao msaji wetu, Longuza kule Muheza na kwingineko, na magogo mengi huvuka bahari kwenda India bila kuguswa na randa ya Keko.

Tukiwa kwenye daladala baba mdogo aliniambia kwamba ile meza si msaji mtupu. "Juu ni ganda tu, mwanangu, ndani mbao rahisi. Lakini kaliunganisha vizuri huyo bwana." Nikamwuliza ametengeneza vitanda na meza ngapi maishani mwake. Hajui. Jina lake liko kwenye kipi? Akacheka. "Jina linaliwa?"

Sikumjibu. Karakana ya jirani yake imeshafungwa, na mahali pake panauzwa meza za maboksi kutoka nje, za unga wa mbao na gundi, ambazo zikimwagikiwa maji zinavimba kama maandazi.

Wiki mbili baadaye akaniita Keko. Alikuwa ameniundia meza fupi ya mabaki ya mninga, bila msumari hata mmoja. Nikashukuru, kisha nikapiga magoti, nikaingia chini yake. Kwa penseli ya seremala palikuwa pameandikwa jina lake, na chini yake neno moja: Keko.

Penseli hufutika. Jioni ile ile nilipapaka vanishi, mara mbili.